Koko, askari wa Saio: nyumba isiyokuwa na fimbo

Wenzetu wa Bukavu wanapita mbele ya Camp Saio karibu kila siku. Mwaka jana niliuliza marafiki wanne, wote wenye licence mkononi: Saio ni nani? Mmoja alisema ni afisa wa Kibelgiji. Mwingine alisema ni chifu wa zamani. Wawili walicheka tu. Siwalaumu, juu hata mimi ningejibu vile vile kama nisingelelewa na mtu aliyefika kule.

Saio si mtu. Ni mji mdogo wa milimani, magharibi ya Ethiopia, leo unaitwa Dembi Dolo. Tarehe 3 Julai 1941, jenerali wa Italia, Pietro Gazzera, alijisalimisha pale mbele ya Meja Jenerali Auguste Gilliaert wa Force Publique, lile jeshi la Kongo ya wakati wa ukoloni. Maafisa walikuwa Wabelgiji. Waliobeba bunduki, masanduku ya risasi, wagonjwa na maiti walikuwa Wakongo. Koko yangu, mzee aliyemzaa baba yangu, alikuwa mmoja wao.

Alifariki Agosti 2015 hapa Kisangani, na miaka 94 au 95. Mwaka wake wa kuzaliwa uliandikwa na karani wa jeshi aliyemtazama kimo na meno, halafu akakisia. Aliacha watoto tisa, na wajukuu tuliojaza ua wote siku ya matanga. Mimi nina jina lake, ndiyo maana hakuniita mjukuu, aliniita ndoyi.

Tarehe 8 Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuwa Kinshasa, akamvalisha nishani Kaporali Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, askari wa mwisho wa Kongo aliyebaki hai kati ya wale wa vita kuu ya pili. Niliangalia picha zile kwenye simu yangu nikiwa shambani, nikazima simu. Sikuwa na hasira na mzee yule, alistahili heshima yote. Mimi niliona uso wa Koko, nikakumbuka deni ambalo sikumlipa. Ndilo linaloniandikisha leo.

Deni lenyewe ni hili. Tarehe 1 Januari 2015 familia yote ilikusanyika kwake kwa mwaka mpya. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa agronomia, nimesoma vitabu viwili vitatu kuhusu ukoloni, kichwa kinachemka. Shemeji mmoja akamuomba Koko atusimulie Saio tena. Mimi nikadakia mbele ya watu wote: «Lakini Koko, si mulipigania Wabelgiji? Wale waliokuwa wanawapiga fimbo?» Shangazi akanikazia macho. Baba akasema, «Nyamaza, we mutoto.» Koko hakukasirika. Alikaa kimya muda mrefu, sahani ya lituma mbele yake, halafu akasema:

«Ndoyi, ile ya Saio si kitu. Balitutuma Lubutu.»

Akaamka, akachukua kibuyu chake cha maji, akaenda kukaa nyuma ya nyumba, chini ya ngazi zake. Hakuna aliyeelewa. Lubutu si Ethiopia, ni hapa karibu, kwenye barabara ya kwenda Bukavu. Sikumfuata. Miezi minane baadaye alikufa, na mimi sikuwa nimemuomba samahani wala kumuuliza Lubutu kulikuwa nini.

Ilinichukua miaka kuelewa. Nilifikia jibu kupitia kilimo, si kupitia vitabu vya jeshi.

Tuanze mwanzo. Koko alizaliwa kijiji cha mto, kati ya Kisangani na Isangi. Kabla ya vita, serikali ya kikoloni ilikuwa inaomba machifu kutoa vijana kwa hesabu. Chifu naye hakutoa mtoto wake, alitoa mtoto wa mjane. Baba wa Koko alikuwa ameshakufa. Koko akapelekwa kambini, mkataba miaka saba. Akavalishwa fezi nyekundu, akapewa bunduki na nambari. Ile nambari aliishika kichwani mpaka kufa. Hata wakati ameanza kusahau majina yetu, ukimwambia «Matricule!» anaitaja bila kukosea, kwa Kifaransa, kama anayesoma.

Mei 1940 Wajerumani wakaingia Ubelgiji, na tarehe 28 mwezi ule jeshi la Ubelgiji likasalimu amri. Gavana Jenerali Pierre Ryckmans akaamua Kongo ibaki upande wa Uingereza. Novemba Ubelgiji na Italia zikawa vitani rasmi. Italia ilikuwa imeshika Ethiopia tangu 1936, kwa hiyo Kongo ikatakiwa kutuma askari. Wengi walitoka kwetu Province Orientale: kamyo mpaka Juba, meli juu ya Nili, halafu kuingia Ethiopia. Asosa ilichukuliwa tarehe 11 Machi 1941, Gambela tarehe 23 mwezi ule ule. Kutoka Gambela walipaswa kupanda milima mpaka Saio, na huko juu ndiko Waitalia walikuwa wamejikaza na mizinga.

Kuhusu risasi Koko hakusema mengi. Alisema njaa. Chakula kilikuwa kinaletwa kwa mto Baro, na mto ule meli zinapita tu wakati wa maji mengi. Kati ya Aprili na Juni askari walikaa chini ya milima, maji ya mto yako chini, unga unapungua, halafu mvua ikaja na malaria na kuhara. Wengi wakavimba miguu kwa beriberi. Sisi tuliosoma lishe tunajua maana yake: mtu amekula nafaka iliyokobolewa siku nyingi, bila mboga, bila maharagi, vitamini B1 imekwisha mwilini. Koko hakujua vitamini. Yeye alisema, «Tulikufa juu ya kukosa mpondu.» Mpaka uzee wake hakukubali siku ipite bila majani kwenye sahani. Sisi watoto tulidhani ni ukali wa wazee tu.

Halafu ikaja ile asubuhi ya Julai. Askari weusi walisimama kwa mistari, majenerali wa Kiitalia wakapita mbele yao, na maelfu ya askari wao wakaweka silaha chini. Koko alisimulia jambo moja tu kuhusu siku ile, na alilisimulia mara nyingi: askari Muitalia, mzungu, alimuomba maji. Koko akampa. «Nikaona anakunywa sawa na mutu yote.» Alitulia kidogo kila mara alipofika hapo, kama vile bado anamwona.

Wakoloni waliogopa fikra za namna ile. Mtu aliyelinda mfungwa mzungu, utamrudishaje nyumbani na kumwambia avue kofia mbele ya karani wa miaka ishirini? Mwaka 1944, mwezi wa Februari, askari wa Luluabourg wakaasi. Ila jeshi halikubadilika: mpaka mwaka wa uhuru, 1960, Mkongo hakupanda kupita cheo cha adjudan.

Hiyo ndiyo historia ya Koko niliyojua tangu utotoni. Sasa sikilizeni ile ambayo hakusimulia.

Nikiwa natayarisha kazi yangu ya mwisho wa masomo juu ya mpunga wa mlimani kwenye vijiji vya Tshopo, nilienda kuuliza wazee: mpunga huu uliingiaje hapa? Wote walijibu neno moja: lazima. Yalikuwa mazao ya lazima, kila mwanaume na kipimo chake cha shamba, agronomu anapita na kamba kupima, na asiyefikisha kipimo anaenda gerezani. Ndiyo, ndugu zangu wa agronomia, agronomu. Kwa wazee wetu wengi jina la kazi yetu lilikuwa jina la polisi. Mzee mmoja alikataa kabisa kunijibu mpaka nilipomuambia mimi ni mtoto wa nani.

Vita vilizidisha ule mzigo. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani wakachukua Malaya na visiwa vya Waholandi, mahali sehemu kubwa ya mpira wa dunia ilikuwa inatoka. Magari na ndege za washirika bila mpira haziendi. Serikali ya Kongo ikaongeza kazi ya lazima kutoka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka, na ikarudisha watu porini kutafuta mpira wa mwitu, ule ambao mababu waliukimbia wakati wa Leopold kwa kukatwa mikono. Fikirieni mama wa miaka hamsini aliyesikia akiwa mtoto mambo ya ndembo, halafu mwaka 1942 anasikia tena: ndembo.

Bibi mmoja wa kijiji cha Koko, rafiki ya shangazi zangu, ndiye aliyenifungua macho. Aliniambia mama wa Koko, yule mjane, alifanya kazi ile. Hakuwa na mume wa kuhesabiwa kazi, na mtoto wake mkubwa alikuwa jeshini, basi akaingia porini na wajomba kwa siku nyingi, wanalala juu ya majani. Shamba lake la makemba likageuka kichaka. Akarudi na kifua, hakupona. Koko aliporudi likizo alikuta kaburi.

Sasa Lubutu. Mwanzoni mwa 1944, Wakumu wa upande wa Lubutu na Masisi waliasi. Kiongozi wao alikuwa Bushiri, na wengi wao walikuwa wa Kitawala. Dini ilikuwemo, lakini chini ya dini kulikuwa na uchovu: mpira, barabara, kodi, siku 120. Force Publique ikatumwa kuzima uasi ule, na ikauzima kwa damu. Miaka mitatu kabla, jeshi lile lile lilipigiwa makofi Saio.

Koko alikuwa bado ndani ya mkataba wake. Miaka saba haijaisha.

Nilipounganisha hayo mambo mawili nilikuwa kwenye meza yangu, usiku, stima imekatika, nasoma na tochi ya simu. Mtoto wa mama aliyeuawa na mpira alitumwa, na bunduki, kwa watu waliokataa mpira. Ndicho alichotaka kuniambia siku ile ya mwaka mpya. Mimi nilimshtaki juu ya Saio, yeye akanielekeza kwenye kosa ambalo sikulijua. Kujitetea kwa njaa ya Gambela kulikuwa rahisi, na hakujitetea.

Kwa hiyo swali langu la mwanafunzi, «mulipigania nani?», halikuwa swali baya, lilikuwa fupi mno. Ukoloni haukuwagawa watu wetu sehemu mbili, wenye fimbo huku na wenye kupigwa kule. Ulimchukua mtu mmoja ukampa vyote viwili, fimbo mkononi na alama za fimbo mgongoni. Nasema mgongoni kwa kweli: jeshini askari walichapwa viboko, na Koko alikuwa na alama zake, tuliziona alipokuwa anaoga mtoni. Ukimwita mtu kama huyo shujaa, unafunika Lubutu. Ukimwita msaliti, unafunika mama yake.

Basi nikajiuliza lingine: mtu kama huyo, miaka sabini iliyobaki aliishi namna gani? Hapo ndipo nilianza kuiangalia nyumba yetu upya.

Mkataba ulipokwisha mwaka 1945 hakurudi jeshini. Alipata kazi Yangambi, kwenye kituo cha utafiti cha INEAC, timu ya ngazi. Ni mwaka 1941 ule ule, Koko akiwa Ethiopia, ambapo Beirnaert na Vanderweyen walitoa kazi yao ya Yangambi iliyoonyesha kwamba tenera ni mchanganyiko wa dura na pisifera. Koko hakusoma kitabu kile, lakini aliyajua kwa kisu. Nilipokuwa na miaka kumi alinikalisha chini, akakata mbegu tatu. Hii ina ganda nene, mafuta kidogo: dura. Hii haina ganda: pisifera. Hii ganda jembamba, nyama nyingi: tenera. Akaniambia usipande mbegu za tenera shambani ukitegemea watoto wote wafanane na mama, wengine watarudi kuwa dura. Miaka tisa baadaye profesa alichora jambo lile lile ubaoni, robo, nusu, robo, na mimi nikanyoosha mkono kabla hajamaliza.

Alioa 1947. Watoto tisa, wasichana watano, wote walisoma, hata wakati majirani walimcheka kwamba anapoteza franga kwa wasichana. Na ndani ya nyumba ile hakukuwa fimbo. Wale mliokulia Kisangani mnajua fimbo iko wapi nyumbani: juu ya mlango, nyuma ya kabati. Kwake hapana. Mtoto akikosa, alipewa jembe na mstari wa kupalilia, na Koko anapalilia mstari wa pembeni, kimya, mpaka mwisho. Baba anasema ilikuwa afadhali fimbo, juu fimbo inaisha haraka. Siku moja mjomba alichukua mti kumpiga yaya yangu. Koko aliutoa mkononi mwake polepole, akauvunja, akauweka jikoni chini ya sufuria. Hakusema neno.

Mwaka 1964 alikuwa na nishani moja na kitabu chake cha askari, ndani ya bati, chini ya kitanda. Agosti, Simba waliingia Stanleyville. Makarani, walimu, watu wa serikali waliuawa mbele ya umati. Karatasi yenye muhuri wa jeshi ilitosha kumuua mtu. Usiku mmoja Koko mwanamke alichoma kile kitabu jikoni, nishani wakaizika. Tarehe 24 Novemba wakatua makomando wa Ubelgiji, nyuma yao mamluki na askari wa serikali, na sasa aliyeonekana kuishi vizuri na Simba naye akawa hatarini. Familia ilikaa porini miezi. Waliporudi, nyumba imechomwa, na mahali walipozika nishani hapajulikani tena.

Ndiyo maana hakupata pensheni. Kila alipoenda kwenye ofisi moja ya wazee wa vita, walimuomba kitabu. Yeye akawapa nambari, kwa kichwa. Kijana wa mezani akamwambia nambari si karatasi. Alirudi mara nne katika miaka ya 1980, mara ya tano akakataa. Alisema, «Karatasi ndiyo ingeniua, na sasa bila karatasi mimi si mutu.» Akarudi kwa ngazi zake.

Juni 2000 mimi nilikuwa na miaka minne. Jeshi la Rwanda na la Uganda lilipigana siku sita ndani ya mji wetu, kuanzia tarehe 5 mpaka tarehe 10, mamia ya raia wakafa. Nakumbuka godoro juu ya kichwa changu na mkono mkubwa mgongoni mwangu. Wakubwa wanasema Koko, mzee wa karibu miaka themanini, alilala juu yetu wajukuu na kutuhesabia: hii inatoka, hii inakuja, hii imepita. Masikio yake ya Gambela yalikuwa bado yanafanya kazi. Nadhani ile ndiyo mara pekee jeshi lilimpa kitu chenye faida kwa familia yake.

Ndiyo maisha yake. Hakuna barabara yenye jina lake. Baada ya matanga tuligawana vitu: baba akachukua redio, shangazi mkubwa akachukua kiti, mimi nikapewa kisu cha kukata mbegu. Ninacho hadi leo, natumia kazini. Nikienda kijijini siendi na kamba ya kupima kwanza. Nakaa, naomba maji, nauliza mzee wa pale alilima nini na nani alimlazimisha. Mara nyingi ile saa moja inanifundisha juu ya udongo wake kuliko ramani.

Ndugu zangu wanafunzi, wale walioona Saio wamekwisha. Lakini walioona 1960, walioona 1964, walioona mwaka wa 2000 wakiwa wakubwa, bado wako kwenye viti nje ya nyumba zetu, wanaota jua. Sisi tunawapita na simu mkononi kwenda kubishana juu ya ukoloni kwenye mtandao. Mkikaa nao, msianze na hukumu kama nilivyofanya mimi. Ulizeni majina ya mama zao. Ulizeni walikula nini mwaka ule. Na mzee akiwaambia neno moja lisilo na maelezo, kama «Lubutu», halafu akaamka kwenda nyuma ya nyumba, msibaki mezani kumalizia lituma. Mfuateni.

Mimi nilibaki mezani. Samahani, Koko.